NASAHA KWA WAZAZI WANAOHITILAFIANA KATIKA SIASA NA WALIMU WA WATOTO WAO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola aliyewaumba watu mataifa na makabila ili wajuane, akawatofautisha rai zao kama alivyotofautisha nyuso zao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu awarehemuni, jueni ya kuwa katika mambo yaliyoingia majumbani mwa Waislamu zama hizi, na wengi wakayadhani madogo, ni hili la mzazi kumtoa mtoto wake chuoni kwa sababu maalim si wa chama chake. Madogo hayo si madogo. Fitina huanza kama cheche chini ya jivu, na asiyeizima ikiwa cheche huja kuitafutia maji nyumba ikiwaka.

Watu wa pwani na watu wa Ujiji wamefungwa kwa njia moja tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kukoma katika ziwa la Tanganyika haikubeba nguo na shanga na pembe tu. Ilibeba pia misahafu, na wenye kuisomesha. Kwa njia hiyo vyuo vya Qur'ani viliota Ujiji, na kutoka huko vikaenea vijiji vya jirani. Mwandiga ni katika vijiji hivyo: mahali panapogawanyika barabara, moja ikishika njia ya Manyovu na mpaka wa Burundi, watu wake wakiuza mawese na dagaa, na watoto wao wakienda chuoni wamekumbatia juzuu zao. Basi lile linalotokea Mwandiga si geni kwa mtu wa Tanga wala wa Pemba. Chuo ni kimoja, na maradhi ni mamoja.

SURA YA MARADHI YENYEWE

Mfano wake ni huu. Baba ametundika bendera ya chama chake juu ya kibanda anapouzia mawese. Maalim anayemsomesha mwanawe ameonekana jioni katika mkutano wa chama kingine, amekaa mbele. Habari humfikia baba kabla ya Isha. Asubuhi mtoto amekwisha tia udhu, juzuu i mkononi, huambiwa: leo huendi. Haulizwi amefika sura gani. Hakuna anayemweleza kosa lake, kwa kuwa hana kosa. Pesa ya Alhamisi hukatwa, salamu hukatwa, na mkewe baba huambiwa asiende kwa mke wa maalim hata kwa msiba.

Na mara nyingine maradhi hutoka upande wa pili. Maalim, au yule awafundishaye watoto kaswida na dufu, au kijana awachezeshaye mpira jioni, huwavika watoto fulana na kofia za chama, akawapanga mstari wamwimbie mgeni wa siasa, na wazazi wao hawana habari. Mtoto hurudi nyumbani na fulana mpya, amefurahi, na baba akiiona rangi yake damu humchemka.

Katika sura zote mbili anayeumia ni mmoja. Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Na majani mabichi kabisa katika uwanja huu ni mtoto, ambaye dola haimpi kura mpaka atimize miaka 18, wala sheria ya Mwenyezi Mungu haimwandikii dhambi mpaka abaleghe. Serikali imemsamehe, na Mola wake amemwinulia kalamu. Basi kwa haki ipi babake na mwalimu wake humtwika mzigo huo?

DALILI KATIKA MWENDO WA MTUME

Mwenye kutaka kipimo cha jambo hili na atazame lililotokea baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra. Vita hivyo havikuwa mashindano ya kura. Makuraishi walitoka Makka kwa panga kuja kuuzima Uislamu. Waislamu 14 wakafa mashahidi, na katika washirikina wakauawa kama 70 na wakatekwa kama 70. Imam Ahmad amepokea kwa Ibn Abbas ya kuwa miongoni mwa mateka hao walikuwako wasio na mali ya kujikomboa, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akafanya ukombozi wao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika.

Zingatieni jambo hili, enyi wenye akili. Hao walikuwa washirikina. Panga zao zilikuwa hazijakauka damu. Miongoni mwa hao watoto huenda walikuwako walioondokewa na jamaa zao katika vita vile vile. Wala Mtume hakusema: adui hana la kumfundisha mtoto wa Kiislamu. Aliona ya kuwa elimu ya mtoto ni jambo moja, na uadui wa watu wazima ni jambo jingine, akaitoa ile ya kwanza katika mikono ya hili la pili.

Na habari yenyewe haikukomea hapo. Imepokewa katika hadithi hiyo hiyo ya kuwa siku moja mtoto alikuja kwa babake analia, akaulizwa ana nini, akajibu ya kuwa mwalimu wake amempiga. Babake akamwona mwalimu yule kuwa ni mtu mbaya, anayejilipizia kisasi cha Badri juu ya mgongo wa mtoto, akaapa ya kuwa mwanawe hatarudi kwake tena.

Katika habari hii moja mna hukumu mbili. Ya kwanza: mzazi yule hakumkataa mwalimu kwa kuwa ni Kuraishi, wala kwa kuwa alipigana upande mwingine, hayo aliyajua tangu siku ya kwanza, naye alimpeleka mtoto. Ya pili: alipoona uadui wa nje umeingia darasani, na mkono wa mwalimu umetafuta kisasi kwa asiye na hatia, alimtoa mtoto, wala hakungoja. Basi kinachotazamwa ni lile alitendalo mwalimu kwa mtoto, si lile aliaminilo juu ya utawala. Hicho ndicho kipimo, na yote yatakayofuata ni matawi yake.

Na ikiwa imefaa kwa mshirika aliyetoka vitani, tena katika kufundisha kuandika tu, je, haifai kwa Muislamu anayeelekea kibla kimoja nawe, anayemsomesha mwanao maneno ya Mola wako, na ambaye tofauti yake nawe ni rangi ya bendera?

BENDERA SI KIPIMO CHA DINI

Wako wasemao: huyu si mwenzetu, na swala nyuma yake ina shaka. Maneno haya ni ujinga wa fikihi. Imam Shafi'i, Mungu amrehemu, amepokea ya kuwa Hasan na Husein, wajukuu wa Mtume, walikuwa wakiswali nyuma ya Marwan bin Hakam. Na Abdallah bin Umar aliswali nyuma ya Hajjaj, naye Hajjaj ndiye aliyeizingira Makka hata akauawa Ibn Zubeir. Hitilafu yao na watu hao ilikuwa ya damu, wala haikuvunja safu. Basi itakuwaje hitilafu ya kura ivunje darasa la Alif na Be?

Tena sheria ya vyama vya siasa ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, imekataza kuandikishwa chama kilichosimama kwa ajili ya dini moja. Basi hapana chama cha Waislamu wala chama cha makafiri. Viko vyama vya raia, na ndani ya kila kimoja wamo wanaoswali na wasioswali. Mwenye kumwita nduguye kafiri kwa sababu ya kadi ya chama na aogope lile alilolionya Mtume, ya kuwa neno hilo humrudia mmoja wao.

Na haki za Muislamu juu ya Muislamu zimehesabiwa katika hadithi: kuitika salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitika mwaliko, kumwombea apigapo chafya. Hakuna hata moja iliyofungwa kwa sharti la chama.

VYAMA HUGEUKA, NA UMRI HAURUDI

Walakini hata asiyejali dalili za dini na atazame dunia yenyewe ilivyokwenda. Zitto Kabwe, mzaliwa wa Mwandiga, aliingia Bungeni mwaka 2005 kwa jimbo la Kigoma Kaskazini, akiwa wa CHADEMA. Na mwaka 2015 akachaguliwa kwa jimbo la Kigoma Mjini, akiwa wa ACT-Wazalendo. Kubadili chama si haramu, na ndivyo siasa ilivyo duniani kote. Lakini mtazame baba ambaye katika miaka hiyo alimkata maalim kwa ajili ya bendera: bendera imeshushwa na waliomfundisha kuipandisha, na ubao wa mwanawe ungali umekatika katikati ya sura.

Na mfano mkubwa zaidi uko Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1995, CCM na CUF walipogombana, ugomvi uliingia misikitini na makaburini. Watu wa mtaa mmoja walisusiana harusi, walisusiana maduka, na wako waliosusiana hata maziko. Mwezi wa Januari 2001 damu ikamwagika. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana wakapatana. Na tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura, na kama 66 katika kila 100 waliopiga wakakubali serikali ya umoja. Mwaka huo huo Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kisha uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na Pemba kususiana kukarudi. Kisha tena, mwezi wa Desemba 2020, Seif yule yule, safari hii akiwa wa ACT-Wazalendo, akaapishwa katika cheo kile kile, akafa nacho Februari 2021.

Wagombanao ndio wapatanao. Wakubwa huteta, kisha hukaa meza moja. Lakini jeneza lililosusiwa halifukuliwi likazikwa upya kwa watu wengi zaidi, na mtoto aliyekatizwa juzuu akiwa na miaka 8 harudishiwi miaka 8 siku ya mapatano. Uchaguzi huja kila miaka 5. Umri wa kuhifadhi Qur'ani hauji mara mbili.

Na katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Tanzania Bara imeonja ghasia na vifo, na amri ya kutotoka usiku huko Dar es Salaam. Nyoyo zingali na majeraha. Na wakati wa majeraha ndio wakati wa kuwalinda watoto zaidi, kwa kuwa mwenye uchungu hutafuta pa kuumwaga, na mtoto ndiye aliye karibu.

MADHARA KATIKA MOYO WA MTOTO

Mzazi amwitaye maalim msaliti mbele ya mwanawe hudhani ya kuwa amempiga maalim. Hakumpiga maalim, amempiga mtoto. Kwani mtoto ana mambo mawili ya kuchagua. Akimsadiki babake, basi aliyemfundisha Fatiha ni msaliti, na swala aliyoipokea kwake imetiwa doa. Kesho maalim akimwambia uongo ni haramu, atasema moyoni: na wewe je? Au amsadiki maalim wake, na hapo heshima ya baba imeanguka ndani ya nyumba, wala haiinuki kwa fimbo. Njia zote mbili zatoka kinywani mwa baba mwenyewe.

Na hivyo hivyo kwa maalim. Akimtukana kiongozi wa chama cha wazazi, mtoto hupeleka neno nyumbani, nyumbani hurudishwa tusi kubwa zaidi, na mtoto hulibeba tena kesho yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaonya watu wasiwatukane wazazi wao wenyewe. Alipoulizwa yawezekanaje, akafahamisha ya kuwa mtu humtukana baba wa mwenziwe, naye akamrudishia kwa babake. Basi yule aanzaye tusi huwa ndiye aliyelitupa juu ya nyumba yake.

Na mtoto akiuliza: je, maalim ni mtu mbaya? Jibu lake ni jepesi na ni la kweli: Maalim wako na babako wamehitilafiana katika jambo la kuongoza nchi, na katika Qur'ani hawakuhitilafiana. Msikilize chuoni, na mbusu mkono. Mtoto aliyelelewa kwa jawabu hili hufahamu tangu udogoni ya kuwa watu wawili waweza kupingana na wote wawili wakawa waungwana. Hilo ni somo ambalo watu wengi wazima wamelikosa.

HUKUMU ZA MAS'ALA

Mas'ala ya kwanza. Mwalimu ana chama chake, lakini hakukiingiza chuoni wala uwanjani. Huyu haifai kumtolea mtoto, wala kumkata ada, wala kumsengenya. Ana haki ya rai yake kama mzazi alivyo na haki ya rai yake.

Mas'ala ya pili. Mwalimu amewavika watoto fulana za chama, au amewapeleka mkutanoni bila ruhusa ya wazazi wao. Hili ni kosa, kwani mtoto ni amana, na amana haitumiwi kwa lisilokusudiwa. Walakini dawa yake si kumtoa mtoto siku ile ile. Dawa yake ni kumwendea na kusema naye kwa njia zitakazotajwa. Akijirekebisha, basi limekwisha. Akikataa, wapelekewe wazee wa msikiti na wasimamizi wa chuo. Akishikilia, mtoto ahamishiwe chuo kingine kwa salamu na shukrani kwa yale aliyokwisha someshwa.

Mas'ala ya tatu. Mwalimu amemdhalilisha mtoto, au amempiga kwa kisasi, au amemtukana babake mbele ya wenziwe. Hapa mtoto hutolewa mara moja, na dalili yake ni ile ya mtoto wa Badri. Ila mzazi asizidishe: asimzushie mwalimu alilolikosa, wala asiwavute wazazi wengine kwa uongo. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Maida chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

Mas'ala ya nne. Mwalimu anafundisha ya kuwa rushwa ni haramu, ya kuwa kushuhudia uongo ni katika madhambi makubwa, ya kuwa mali ya umma ni amana, na ya kuwa kumwaga damu ya mtu bila ya haki ni dhulma. Mzazi mwenye cheo katika chama husikia akasema: anatusema sisi. Hilo si siasa ya vyama. Hiyo ni dini, na maalim akiinyamaza ameikhini. Tofauti ni hii: kusema dhuluma ni haramu ni mafunzo, kusema mchagueni fulani ni kampeni. La kwanza ni wajibu wa chuo, la pili halina mahali chuoni.

Mas'ala ya tano. Mwalimu wa mpira, au wa skauti, au wa skuli, akiwa si Muislamu, hukumu ni ile ile katika mambo ya siasa. Kama mateka wa Badri walipewa watoto wafundishe, jirani mwema ana haki zaidi ya kutendewa uadilifu.

ADABU ZA KUMWENDEA MWALIMU

Ya kwanza ni kuhakikisha. Katika Sura ya Hujurati Waislamu wameamrishwa wachunguze habari kabla hawajawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Mtoto husimulia alivyofahamu, na pengine fulana aliipewa na mtu wa njiani.

Ya pili, aende baba mwenyewe. Asimtume mtoto na maneno, wala asiyapeleke barazani kwanza. Mtoto si tarishi wa ugomvi.

Ya tatu, achague wakati wa utulivu, kama baada ya Isha, si mbele ya wanafunzi. Aanze kwa salamu, kisha amshukuru kwa aliyomsomesha mwanawe. Musa na Haruni, amani iwashukie, waliamrishwa wamwendee Firauni kwa maneno ya upole. Wala maalim wa Mwandiga si Firauni, na baba wa mtoto si Musa.

Ya nne, ataje kitendo, asitaje chama. Aseme: mwanangu alipelekwa mahali nisipopajua, nami sikuulizwa. Asiseme: nyinyi watu wa chama fulani ndivyo mlivyo. La kwanza lina jawabu, la pili lina ugomvi tu.

Ya tano, amsikilize hata amalize. Imepokewa ya kuwa Yunus As-Sadafi alijadiliana na Imam Shafi'i katika mas'ala, wakaachana hali hawakuafikiana; kisha Imam alipokutana naye alimshika mkono, akamfahamisha ya kuwa hakuna kizuizi cha wao kubaki ndugu ingawa hawakuafikiana hata katika jambo moja. Wenye kujinasibu kwa madhehebu ya Imam huyu, nao ndio watu wengi wa pwani na wa Ujiji, wana haki ya kurithi adabu yake kama walivyorithi fikihi yake.

Na kwa walimu neno ni fupi. Mtoto mbele yako hawezi kukujibu, na babake hayupo. Yule asiyeweza kukujibu usimhutubie siasa. Bendera yako iache mlangoni pamoja na viatu vyako, utaikuta utokapo.

HATIMA

Enyi ndugu, kila mmoja ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo baba hataulizwa chama cha maalim kilipata viti vingapi. Ataulizwa juu ya mtoto: alimfundisha nini, na kwa nini alimkatiza. Na maalim hataulizwa nani alishinda Kigoma. Ataulizwa juu ya amana aliyowekewa mikononi asubuhi na kuirudisha adhuhuri: aliirudisha vipi.

Basi leo, yule aliyemtoa mtoto kwa ajili ya bendera na amshike mkono amrudishe chuoni, na aanze yeye kutoa salamu. Kwani si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na mbora wao ni yule aanzaye salamu.

Ewe Mola, zipatanishe nyoyo za Waislamu, wa pwani na wa ziwani, wa mjini na wa vijijini. Uwalinde watoto wetu na ugomvi wa wakubwa wao. Uwarehemu waliokufa, uwaponye waliojeruhiwa, na uwape walimu wetu ikhlasi na wazazi wetu subira. Uijaalie nchi amani yenye uadilifu ndani yake. Amin.

Wabillahi ttawfiq, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.